Ndondi za Kenya na Ndondi za Meksiko

Katika njia panda ya Ahero, pale barabara ya Kisii inapoachana na ile ya Kericho, vijana hubishana juu ya kandanda kuliko jambo lolote jingine, wala hilo si ajabu katika nchi ya mashabiki wa Gor Mahia. Lakini mwanafunzi wangu mmoja, mwana wa mkulima wa mpunga, aliniuliza siku moja swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alitaka kujua kwa nini Meksiko haiishiwi na mabingwa wa ndondi, hali Kenya, ambayo babu yake humsimulia sifa za mabondia wake, haina leo bondia anayetajwa sokoni. Nilimwahidi jibu. Jibu lenyewe ndilo hili, ingawa limekuwa refu kuliko alivyotaka.

Nchi hizi mbili zimewahi kukutana ulingoni. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika Jiji la Mexico, na Philip Waruinge, kijana aliyekulia katika ndondi za Nakuru, alifika nusu fainali ya uzani wa unyoya. Aliyemkabili alikuwa mwenyeji, Antonio Roldán, na umati ulikuwa wa Roldán. Majaji walikuwa watano; watatu walimpa ushindi Mmeksiko, wawili wakampa Mkenya. Roldán akaendelea hadi fainali, akapata dhahabu baada ya mpinzani wake Mmarekani, Al Robinson, kuondolewa kwa kosa la kutumia kichwa. Waruinge akarudi na shaba. Walakini Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ustadi kupita wenziwe wote, na ambalo aghalabu huenda kwa mmoja wa washindi wa dhahabu, alipewa yeye. Msomaji na aamue mwenyewe maana ya zawadi hiyo. Miaka minne baadaye, huko Munich, Waruinge alipata fedha, na wenzake Samuel Mbugua na Dick Tiger Murunga wakapata shaba.

Ustadi huo haukuzuka ghafula. Mchezo wa ngumi za glavu uliletwa na Waingereza, nao ulikua hasa katika majeshi, katika polisi na magereza, na katika kumbi za mitaa ya wafanyakazi wa Kiafrika. Nairobi palikuwa na Pumwani na Kaloleni. Kisumu nao una Kaloleni yake, na tangu reli ifike ziwani mwaka 1901 mji huo umekuwa mahali ambapo kijana wa Kano huenda kutafuta kazi na kuona mambo mapya. Wazee wetu walijua mieleka zamani sana. Kupigana kwa kanuni, mbele ya mwamuzi, hakukuwa jambo geni kwao. Kilichokuwa kigeni ni mshahara. Bondia aliyeandikwa polisi au jeshini alikuwa na chumba, chakula, na saa za mazoezi, na mwisho wa mwezi alipokea fedha zake, ashinde ama ashindwe. Uganda nako mambo yalikuwa hayo hayo, na askari mmoja wa King's African Rifles aliyekuwa bingwa wa nchi yake katika miaka ya 1950 aliitwa Idi Amin. Lakini hiyo ni habari ya somo jingine.

Sasa tuone jinsi neema ilivyopotea. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 ikasusia ya Moscow kwa ajili ya vita vya Afghanistan. Sisemi kwamba sababu ya kwanza ilikuwa ndogo. Ilikuwa ya haki kabisa. Nasema tu kwamba gharama yake ilimwangukia Stephen Muchoki. Kijana huyu mwembamba alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 1974 na tena mwaka 1978, na mwaka huo huo wa 1978 akawa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Belgrade. Miaka yake bora ilianguka hasa katikati ya migomo hiyo miwili, naye hakupigana Olimpiki hata mara moja. Baadaye alikwenda Denmark kutafuta riziki ya ngumi za kulipwa.

Ibrahim Bilali alipata shaba mwaka 1984. Kisha ikaja Seoul, mwaka 1988. Robert Wangila Napunyi alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta, akatwaa dhahabu ambayo mpaka leo ndiyo pekee ya Kenya isiyotoka katika riadha. Chris Sande alipata shaba katika uzani wa kati. Tangu siku hizo Kenya haijapata medali nyingine ya ndondi katika Olimpiki. Medali zote saba zimo ndani ya miaka ishirini, 1968 hadi 1988, na mwaka 2024 hakuna Mkenya hata mmoja aliyefuzu kupigana Paris. Wangila mwenyewe alikwenda Marekani kupigana kwa malipo, na mwezi wa Julai 1994 akafa Las Vegas kwa majeraha ya pambano. Alikuwa na miaka 26.

Nimekwisha kusema kwamba Meksiko ilipata dhahabu mwaka 1968. Zilikuwa mbili, ya Roldán na ya Ricardo Delgado, na tangu hapo haijapata nyingine! Jambo hili lilimshangaza sana mwanafunzi wangu. Nguvu ya Meksiko haimo katika Olimpiki. Imo katika ngumi za kulipwa, na katika wingi wa mapambano madogo yanayofanyika miji yote, wiki baada ya wiki, ambapo kijana hulipwa kidogo na kujifunza mengi. Mtaa wa Tepito, mtaa wa wachuuzi na mafukara katikati ya jiji kuu, ulimtoa Raúl Macías, kipenzi cha taifa katika miaka ya 1950. Julio César Chávez alipopigana katika uwanja wa Azteca mwaka 1993, walikuja watu zaidi ya 130,000. Marco Verde, aliyepata medali ya fedha Paris mwaka 2024, ni mwana wa bondia aliyepigana Barcelona mwaka 1992. Huko ngumi hurithiwa kama vile shamba la mpunga linavyorithiwa kwetu.

Lakini nisije nikasifu kupita kiasi. Saúl Álvarez alianza kupigana kwa malipo mwaka 2005, akiwa na miaka 15, yaani umri wa watoto ninaowafundisha. Mimi, kama mwalimu, siwezi kulitazama jambo hilo kwa furaha, hata kama Álvarez ametajirika. Kwa mmoja aliyetajirika, wapo wengi waliopigwa vichwani kwa bei ya viatu.

Nasi tumejaribu njia hiyo, na waliotangulia ni wanawake. Conjestina Achieng, binti wa Gem katika Siaya, alitwaa mkanda wa kimataifa mwaka 2004, na Ziwani kote jina lake likawa wimbo. Alipougua baadaye, hakuwa na pensheni ya kumtunza bali michango ya wenye huruma. Fatuma Zarika alimshinda Alicia Ashley huko Marekani mwaka 2016, akawa bingwa wa dunia wa WBC. Mwaka 2018 alikwenda Chihuahua, katika Meksiko, akamshinda Yamileth Mercado nyumbani kwake. Mwaka 2019 alirudi jimbo lile lile, akakabiliana na msichana yule yule, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi, na mkanda ukabaki huko.

Nilipomsomea mwanafunzi wangu maelezo haya, hakuuliza habari za Chávez wala za Azteca. Aliuliza kama polisi humpokea bondia ambaye hajamaliza Kidato cha Nne. Nikamwambia amalize kwanza, kisha tutakwenda Kisumu pamoja kuuliza.