Walivyowajibu Beatles bila kuimba neno

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka Kasanga, ile bandari yetu ya kusini ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Aliyeniandikia ni kijana anayepiga kinanda kwenye sherehe. Anasema anapenda kuchukua nyimbo za wengine na kuzipiga kwa kinanda kitupu, bila mwimbaji, akibadili mwendo na kuzirefusha anavyotaka. Wenzake wanamcheka. Wanamwambia huko ni kukopi tu, na kwamba mwanamuziki wa kweli ni yule anayetunga. Anauliza kama wana haki ya kumcheka.

Badala ya kubishana na hao wenzake, leo nitasimulia habari ya santuri moja.

Mwishoni mwa Septemba 1969, kundi la Beatles la Uingereza lilitoa albamu iitwayo Abbey Road, jina la barabara ya London yenye studio walimokuwa wakirekodi. Picha ya jalada lake wengi wetu tumepata kuiona hata kama muziki wenyewe hatujausikia: vijana wanne wakivuka barabara kwenye zebra, mmoja nyuma ya mwingine. Ndani mna nyimbo 17, na sehemu kubwa ya upande wa pili ni nyimbo fupi fupi zilizounganishwa kama shanga kwenye uzi.

Miongoni mwa walioisikiliza alikuwa Booker T. Jones, mpiga ogani wa Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani. Huyu hakuwa chipukizi wa kutafuta jina kwa mgongo wa wengine. Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 17, yeye na wenzake walirekodi Green Onions, muziki wa ala tupu uliovuma duniani. Kundi lao, Booker T. & the M.G.'s, ndilo lililokuwa likipiga nyuma ya waimbaji wa kampuni ya Stax: Otis Redding, Sam na Dave, Eddie Floyd na wengineo. Aliyecheza soul miaka ya sitini alichezeshwa na mikono ya watu hawa, hata kama majina yao hakuyajua.

Booker T. ameeleza miaka ya baadaye kwamba kilichomgusa kwenye Abbey Road ni ujasiri. Kundi lililokuwa juu ya yote, ambalo halikulazimika kubadilika, lilithubutu kubadilika. Akaona ni wajibu wake kulipa heshima. Ndipo mwaka 1970 M.G.'s wakatoa albamu yao, wakaiita McLemore Avenue. Huo ni mtaa wa Memphis ilikokuwa studio ya Stax, katika jengo lililokuwa zamani ukumbi wa sinema. Kwenye jalada, wanne hao nao wanavuka mtaa wao.

Mimi niliisikia mara ya kwanza wakati nasomea diploma ya uandishi wa habari, kwenye kaseti ya kuazima, na nikachelewa kuirudisha. Wamechukua nyimbo 13 kati ya zile 17. Hakuna anayefungua kinywa mwanzo hadi mwisho. Tena wanaanzia karibu na mwisho: kipande cha kwanza kinafungua na Golden Slumbers, ambao kwa Beatles uko ukingoni mwa santuri, kisha kinapita nyimbo nyingine nne bila kusimama, kwa karibu dakika 16. Wimbo wa Something peke yake ndio uliopewa nafasi ya kusimama mwenyewe. Palipokuwa na sauti za waimbaji, sasa pana ogani ya Booker T. au gitaa la Steve Cropper, ambaye ni bahili wa noti kama mama anayepima chumvi. Chini yao Donald Dunn kwenye besi na Al Jackson kwenye ngoma wanatembea bila haraka. Ukiujua wimbo utautambua. Usipoujua utadhani umezaliwa Memphis.

Sasa hebu turudi kwenye ile picha ya jalada. Jones na Jackson ni weusi, Cropper na Dunn ni weupe. Memphis ndiko Martin Luther King alikouawa tarehe 4 Aprili 1968, akiwa Lorraine, nyumba ya wageni ambayo wanamuziki wa Stax waliizoea. Knock on Wood, wimbo uliompa Eddie Floyd jina, Cropper na Floyd waliutungia humo humo. Miaka miwili baada ya mauaji yale, watu wanne wa rangi mbili kupigwa picha wakivuka mtaa pamoja katika mji ule halikuwa jambo la mzaha.

Na deni lilikuwa la pande zote mbili. Beatles walikua wakisikiliza muziki wa Wamarekani weusi, na mwaka 1966 walitaka kwenda kurekodi Memphis, kwenye studio hiyo hiyo ya Stax. Meneja wao alitangulia kwenda kukagua, lakini mpango ukavunjika. Basi hapo ni nani aliyemkopi mwenzake?

Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti. Abbey Road ikiwa na wiki chache tu madukani, Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijana, ya kupambana na vimini, mawigi na suruali za kubana. Soul nayo ikahesabiwa kuwa inaharibu vijana. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini siwezi kuwabeza waliofanya hivyo. Nchi ilikuwa na miaka minane tu ya uhuru, na Mwalimu alikwisha sema mwaka 1962 kwamba tulifundishwa kuzidharau ngoma zetu. Ila katika hotuba ile ile alisema pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Naona viongozi wa 1969 walikumbuka nusu ya hotuba. Vijana waliojibu magazetini, wakisema soul ni muziki wa watu weusi wenzetu, walikuwa na hoja ambayo hadi leo sijaona ikijibiwa.

Isitoshe, kupokea muziki wa mbali na kuupiga bila maneno ni jambo la kale kwetu. Taarabu ya Unguja hufunguliwa kwa bashraf, muziki wa ala tupu wenye asili ya Uturuki uliotufikia kupitia Misri. Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, kimeupiga kwa vizazi kadhaa, na sijasikia mtu Unguja akiita hiyo kopi.

Kwa hakika zipo kopi za kudharauliwa. Bendi inayopiga wimbo wa mwingine nukta kwa nukta, kisha inanyamaza kuhusu mtunzi, hiyo sina la kuitetea. M.G.'s waliwataja watunzi kwenye santuri yao, na kwetu hapa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi hata wimbo wake ukipigwa na kinanda kitupu. Kijana wa Kasanga atangaze jina la mtunzi kabla hajaanza, halafu apige anavyotaka.

Stax ilifilisika Desemba 1975, miezi miwili baada ya Al Jackson kuuawa kwa risasi. Jengo la McLemore likabomolewa mwaka 1989, na mwaka 2003 makumbusho yakafunguliwa mahali pale pale.

Marufuku ya Dar es Salaam nayo haikufika mbali. Mwaka 1970 lilizaliwa mjini humo kundi la Sunburst, lililochanganya soul, roki na ngoma za Kiafrika bila kuona haya. Albamu yao pekee, Ave Africa, waliirekodi mwaka 1976 nchini Zambia, huko huko ambako mitumbwi ya Kasanga inavukia. Mwaka 2016 rekodi zao zilitolewa upya na kampuni moja ya London, mji wenye ile zebra ya Abbey Road.