Macho Mekundu na Picha ya Kichwa

Nilipokuwa mdogo hapa Ngokolo, bibi kizee akianza kusahausahau, watu hawakuuliza habari za kichwa chake. Walimtazama macho. Yakiwa mekundu, basi, kesi imekwisha: mchawi huyo. Kwamba amepuliza moto wa samadi ya ng'ombe tangu alipoolewa, nani alijali? Hesabu za serikali zilionyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa huku kwetu Usukumani. Wangapi kosa lao lilikuwa kusahau tu?

Nauliza kwa sababu mwaka jana bibi yangu alianza kuulizia ng'ombe. Wamerudi? Wamekunywa maji? Ng'ombe wenyewe waliuzwa sijazaliwa. Majirani wakaanza kunong'ona. Nami nikaanza kusoma.

Kumbe hata Wazungu kwa miaka mingi kichwa cha msahaulifu walikiona akishakufa. Mwaka 1901, Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimpokea mama wa miaka 51 aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu. Alimhoji, akaandika majibu yake. Mama huyo alipofariki mwaka 1906 ndipo ubongo wake ukakatwa vipande na kuwekwa chini ya darubini.

Eksirei ilikuwapo tangu 1895, lakini yenyewe huonyesha mfupa, ubongo haiuoni. Mwaka 1919 Mmarekani Walter Dandy akapata njia, na njia yenyewe, jamani, ni mateso: unachomwa sindano uti wa mgongo, maji ya humo yanatolewa, hewa inaingizwa mpaka ipande kichwani, ndipo unapigwa picha. Kichwa kiliuma kwa siku kadhaa. Nani angempeleka bibi yake huko kwa sababu ya kuulizia ng'ombe?

Ufumbuzi ulianzia Afrika, jambo ambalo sikufundishwa shuleni. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia wa Afrika Kusini, aliombwa asaidie hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Akawaza: mionzi ikipita mwilini kutoka pande nyingi, hesabu haziwezi kutuchorea kilichomo ndani? Alichapisha hesabu zake 1963 na 1964; karibu hakuna aliyejali. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, bila kumjua Cormack, akaunda mashine yenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971, London, kichwa cha mgonjwa kilipigwa picha ya siti skani kwa mara ya kwanza. Mwaka 1979 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobeli. Mwaka huohuo wa 1971 hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza, lakini mashine za namna hiyo zilichelewa sana kutufikia.

Baadaye zikaja mashine za sumaku, na mwaka 2004 watafiti wakatangaza dawa ya kung'arisha uchafu wa Alzheimer ubongoni mtu akiwa hai. Lakini tusidanganyane. Wapo wazee wenye uchafu huo ambao akili zao ni timamu, na wapo wanaolalamika kusahau huku picha zao ni safi. Wilayani Hai, watafiti waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kusahau. Kazi kubwa ilifanywa kwa maswali: kwa mzee mwenyewe, na kwa anayeishi naye.

Bibi tulimpeleka Mwanza. Daktari alitaka picha kwanza aone kama hakuna damu iliyovujia kichwani, maana alishawahi kuanguka, na damu hiyo hutolewa mtu akapata nafuu. Haikuwapo. Ubongo ulikuwa umesinyaa kidogo. Kisha akaweka picha pembeni, akamgeukia mama: alianza lini?

Picha ipo juu ya kabati, katika bahasha ya kaki. Juzi jirani mmoja, katika wale wanong'onaji, aliomba kuiona. Mama akampa. Akaishika juu kuelekea dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Sasa macho yake yako wapi hapa?"

Bibi, mkekani, akamuuliza kama amewaona ng'ombe njiani.