Kuona, Kuamua na Kutenda katika Jumuiya Zetu

Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA, wakikutana Nairobi, walizifanya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Familia jirani hukutana si kwa sala na michango tu, bali pia kujadili maisha ya jamii. Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka Mater et Magistra wa mwaka 1961, alieleza hatua tatu: kuona, kuamua na kutenda.

Kuona ni kutafuta ukweli kabla ya kuhukumu. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba mkoani kwetu Katavi, wasichana 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito.

Kuamua ni kuupima ukweli huo kwa Injili na dhamiri: kwa nini binti abebe aibu peke yake, na mwanamume aketi kimya kati yetu?

Kutenda ni kukubaliana jambo moja. Tangu mwaka 2021 Serikali humruhusu binti aliyejifungua kurudi shuleni. Nani atamsindikiza? Nani atamlea mtoto saa za masomo? Tusifunge kikao cha Jumuiya kabla ya kumpata.