Mlolongo na Picha ya Fomu

Mapema mwaka 1988 nilisimama katika uwanja wa shule ya msingi, nyuma ya mtu aliyeinua picha ya mgombea niliyemtaka. Msomaji kijana huenda hajui kwamba katika mchujo wa KANU mwaka ule hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wapiga kura walijipanga mstari nyuma ya picha, wakahesabiwa kama mbuzi wa mnadani. Tuliuita mlolongo. Mgombea aliyepita asilimia 70 alikuwa amekwisha kuwa mbunge, hakuna tena kura ya siri.

Mstari wetu ulizunguka goli la mpira, ukapita jiko la shule, ukafika barabarani. Wale wa mstari wa pili wangetosha kwenye matatu mbili. Jioni msimamizi alitangaza kuwa mwenye mstari mfupi ndiye aliyeshinda. Hakuna aliyepiga kelele. Tulitazamana, kisha tukaondoka mmoja mmoja. Baadaye nilikuja kujua kwamba visa vya namna hiyo vilitokea sehemu nyingi nchini, na chama chenyewe kiliuacha mlolongo mwishoni mwa 1990.

Kwa muda mrefu niliamini kuwa kilichotushinda siku ile ni uoga. Uoga ulikuwapo, sikatai. Lakini kulikuwa na jambo jingine, dogo, la kikarani: mstari ukishavunjika hauachi alama. Sote tuliona kwa macho, na hakuna hata mmoja wetu aliyeondoka na kitu cha kumwonyesha mtu mwingine. Kalamu ilikuwa moja, nayo ilikuwa mkononi mwa msimamizi.

Kufikia uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 tulikuwa na kura ya siri, vyama vingi na simu za mkononi. Tume ya wakati ule ilipokea matokeo kwa simu na faksi kutoka majimboni, na sisi tulikaa mbele ya televisheni siku tatu tukisubiri. Tarehe 30 mshindi alitangazwa, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio ilipofungwa mdomo, simu zikaanza kusema. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume ya uchunguzi ya Jaji Kriegler ilisema mwaka 2008 kwamba matokeo yalikuwa yamevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua kwa hakika nani alishinda.

Hapa lazima nikiri jambo langu. Katika siku hizo nilipokea ujumbe mfupi uliodai kwamba watu wa kabila fulani walikuwa wamepanga kutuvamia usiku. Niliutuma kwa watu saba kabla sijamuuliza yeyote umetoka wapi. Hakuna aliyekuja usiku ule. Lakini jirani yetu mmoja wa kabila hilo, fundi cherehani aliyenishonea sare za watoto wangu wote, alifunga duka asubuhi na kuondoka na mashine yake juu ya mkokoteni. Mwaka 1988 nilimlaumu mwenye kalamu. Mara hii kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Januari ile ile Wakenya wachache waliojua kompyuta walitengeneza tovuti waliyoiita Ushahidi. Mtu alituma habari ya alichokiona kwa ujumbe wa simu au kwa intaneti, nayo ikawekwa kwenye ramani. Mtandao ulionibeba mimi na uvumi wangu ndio uliobeba na habari zao, ila wao walijaribu kwanza kuuliza: wapi, lini, nani mwingine ameona?

Baada ya hapo nchi ilikimbilia mitambo kwa pupa. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura viligoma vituo vingi, na upelekaji wa matokeo kwa njia ya elektroniki ukakwama. Tukarudi kwenye makaratasi. Mwaka 2017 ulikuwa mzito zaidi. Mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya kura, Chris Msando, meneja wa teknolojia ya habari wa Tume, alikutwa ameuawa. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta uchaguzi wa urais. Mahakama ilikuwa imeamuru seva za Tume zifunguliwe zikaguliwe, na Tume haikutimiza amri hiyo ipasavyo. Mtambo uliofungwa haukuwa na tofauti kubwa na yule msimamizi wangu wa 1988.

Ndiyo maana Agosti 2022 ilinigusa. Fomu 34A ya kila kituo, yenye sahihi za msimamizi na mawakala, ilipigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote. Vituo vilikuwa 46,229. Vijana walikaa na vikokotoo majumbani wakijumlisha. Mabishano hayakwisha, kwani makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo na kesi ikaenda mahakamani. Lakini safari hii majaji walikuwa na kitu cha kulinganisha: picha za mtandaoni na karatasi zenyewe. Tarehe 5 Septemba waliyathibitisha matokeo.

Mimi nilikuwa nimekwenda kusoma fomu iliyobandikwa mlangoni mwa kituo chetu, katika shule ile ile ya mlolongo, nikanakili hesabu nyuma ya risiti ya mbolea. Binti ya dada yangu aliitafuta kwenye simu yake. Jina la kituo, sahihi, kura za kila mgombea: kila kitu kililingana, isipokuwa kura zilizokataliwa. Mimi niliandika 4, picha ilionyesha 9.

“Mjomba, wameibadilisha!” akasema.

Nilihisi damu ikipanda kama siku ile uwanjani. Tukarudi mlangoni pamoja kabla hajamtumia mtu yeyote. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa, imelowa umande pembeni. Ilikuwa 9. Nilikuwa nimeisoma bila miwani.