Mwitongo, boma la Chifu Burito

Anayesikia kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa mtoto wa chifu huenda akawazia jumba la kifalme, watumishi na hazina. Mwitongo, pale Butiama mkoani Mara, hakuna hata dalili ya mambo hayo. Ni kilima chenye mawe makubwa yaliyopandana, pimbi wakiota jua juu yake, na chini ndipo lilipokuwa boma la Burito Nyerere, baba yake Mwalimu. Mtu akishafika hapo, historia ya ukoo huu humkalia sawa kichwani.

Wazanaki ni kabila dogo, na hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja. Kila eneo lilijitegemea, na wenye kauli walikuwa wazee na waganga wa mvua. Wajerumani walipokuja walitaka mtu mmoja wa kumdai kodi na vibarua, ndipo uchifu ukapata nguvu. Burito alishika madaraka Butiama mwaka 1915, vita vikuu vikiendelea. Waingereza walipochukua nchi naye akabaki na cheo chake mpaka alipofariki mwaka 1942. Kwa hiyo uchifu aliouona Mwalimu utotoni ulikuwa na kimo cha kijiji, na ulitazama ofisi ya mkoloni kwa jicho moja na wazee wa mji kwa jicho la pili.

Burito alikuwa na wake 22. Mgaya wa Nyang'ombe alikuwa wa tano, na tarehe 13 Aprili 1922 alimzaa mtoto aliyepewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua, kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha. Katika boma la namna hiyo kila mke ana nyumba yake na shamba lake, na mtoto hulelewa zaidi na mama kuliko na cheo cha baba. Kambarage alichunga mbuzi na kushika jembe kama watoto wengine wa Butiama. Alichongwa meno kwa desturi ya Wazanaki, na alama hiyo inaonekana katika picha zake anapocheka.

Elimu yake husimuliwa kupitia ubao wa bao. Inasemekana Chifu Makongoro wa Ikizu, rafiki wa Burito, aliuona wepesi wa kijana huyu katika kuhesabu kete, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akaenda Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka nyumbani. Mwaka 1937 akaingia Tabora, shule ambayo wakoloni waliitegemea kuwaandaa watoto wa machifu kutawala. Baba yake hakuyaona matunda yake. Mwaka uliofuata kifo cha mzee ndipo kijana akabatizwa Julius na kwenda Makerere.

Uchifu wenyewe haukumfikia. Aliyemrithi Burito ni kaka yake Kambarage, Edward Wanzagi. Kisha mwaka 1963 serikali ya Tanganyika, iliyoongozwa na mtoto wa Burito, ikaufuta uchifu nchi nzima, wa Butiama ukiwa ndani yake. Naamini Mwalimu alipata ujasiri wa kufanya hivyo kwa sababu alikulia ndani ya uchifu, akijua ni kiasi gani cha heshima yake kilitoka kwa wananchi na ni kiasi gani kilitoka kwa mkoloni.

Mama Mgaya, aliyebatizwa Christina, aliishi mpaka mwaka 1997. Alimwona mwanawe akiwa mwalimu, rais, na kisha mstaafu aliyerudi kulima Butiama. Burito na Mgaya wamezikwa hapo hapo Mwitongo, karibu na kaburi la Mwalimu. Walimu wanaopeleka wanafunzi huko nawaomba wasiishie kwenye zawadi za marais zilizowekwa makumbusho. Wawasimamishe watoto mbele ya kaburi la Mgaya na kuwaeleza alikuwa nani, maana bila nyumba ya mke huyu wa tano hatuwezi kumwelewa mtu aliyetuongoza.