Mnara Mmoja, Vijiji Vingi: Historia ya Mawasiliano Karatu na Ngorongoro

Mawasiliano ya mbali katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, yalianza na simu za upepo za misheni, hospitali na hifadhi. Baadaye zikaja simu za mkononi, kisha intaneti. Vifaa vilibadilika, lakini unafuu ulipatikana kwa njia ileile: chombo kimoja kilihudumia watu wengi. Teknolojia iliyoletwa ili kila mtu aimiliki peke yake ilichelewa sana kufika vijijini. Ile iliyoweza kugawanwa ilifika mapema na ikadumu.

Umbo la ardhi lina sehemu kubwa katika historia hii. Mji wa Karatu umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye njia iendayo lango la Hifadhi ya Ngorongoro. Kusini-magharibi nchi inaporomoka hadi Ziwa Eyasi, lililo karibu mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yamesimama mabega ya kreta ya Ngorongoro, na kilele cha Lolmalasin kinapita mita 3,600. Mawimbi ya simu za mkononi husafiri karibu kama mwanga: yakikutana na mlima, nyuma yake hubaki kivuli. Ndiyo maana mkulima wa Karatu anaweza kupiga simu Dar es Salaam bila shida, na mwenzake aliye bondeni, kilomita chache kutoka hapo, asipate hata alama moja ya mtandao. Wilaya ya Ngorongoro, iliyoundwa mwaka 1979 ikiwa na tarafa za Ngorongoro, Sale na Loliondo, ina tatizo hilohilo. Juu yake kuna umbali, kwa kuwa boma na boma hutenganishwa na mbuga pana, na wafugaji huhama kufuata malisho na maji.

Simu za waya hazikuweza kuishinda nchi ya namna hiyo. Hadi mwaka 1977 huduma hiyo ilikuwa mikononi mwa shirika la posta na simu la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, Tanzania ikaunda shirika lake, na katika mageuzi ya miaka ya 1990 upande wa simu ukawa TTCL. Katika vipindi vyote hivyo waya ziliishia mijini na kwenye ofisi za serikali.

Pengo hilo lilizibwa na simu ya upepo. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbele, kwa hiyo milima haiyazuii. Mahitaji yake yalikuwa machache: redio, waya mrefu wa antena, na betri ya gari ambayo baadaye ilichajiwa kwa sola. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na daktari mpasuaji Michael Wood pamoja na wenzake wawili, lilijenga mtandao wa redio wa kuunganisha hospitali za mbali na madaktari wanaosafiri kwa ndege. Mwaka 1983 ilianza Flying Medical Service, yenye makao Arusha, ikipeleka kliniki kwa ndege ndogo katika nchi ya Wamaasai. Huduma za aina hii haziwezekani bila mawasiliano. Rubani lazima ajue kama uwanja wa majani umelowa, na mganga wa zahanati lazima apate namna ya kusema kwamba mama mjamzito anatoka damu. Vituo viliitana hewani kwa saa zilizopangwa, na kila aliyefungua redio aliyasikia yote. Siri haikuwepo. Hata hivyo ujumbe mmoja uliweza kuokoa maisha, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya lita moja ya mafuta ya Land Rover.

Hatua iliyofuata haikumbukwi sana, ingawa inastahili. Katika miaka ya kwanza ya 1990, kabla Tanzania haijaunganishwa na intaneti ya moja kwa moja, barua pepe zilisafiri kwa mtindo wa kuhifadhi na kusukuma. Ujumbe ulikusanywa kwenye kompyuta, ukabanwa uwe mdogo, kisha ukapelekwa kwa simu mara moja au mbili kwa siku. Mtandao wa HealthNet uliwapatia watu wa afya Dar es Salaam makala za kitabibu kwa njia hiyo, na ulitumia pia setilaiti ndogo. Arusha nayo, katikati ya miaka hiyo, ilipata kituo cha Arusha Node Marie, kilichokuja kuitwa Habari. Mashirika, shule na makanisa yalijiunga kama wanachama na kuchangia gharama, nao ujumbe wa wote ukapita kwenye laini chache. Laini ya kimataifa ambayo taasisi moja isingeweza kuilipia, taasisi nyingi ziliiweza. Kituo hicho kilipokua, kilitumia redio zisizo na waya kuruka kutoka kilima hadi kilima, mbinu inayoifaa kanda yenye vilele vinavyoonana kutoka mbali.

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994 kupitia Mobitel, lakini kwa miaka kadhaa zilibaki chombo cha wenye fedha mijini. Mambo yalianza kugeuka baada ya Vodacom kuanza kazi mwaka 2000 na Celtel mwaka uliofuata. Kwa Karatu kulikuwa na sababu nyingine: barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000. Minara iliifuata barabara, nayo barabara ilikuwa imewafuata watalii. Mji ukapata mtandao kabla ya mabonde, na hoteli kabla ya zahanati. Huo ulikuwa mpangilio usio wa haki, na athari zake bado zinaonekana.

Vijiji havikukaa kusubiri. Simu moja ilitumiwa na ukoo mzima. Mwenye duka aliyekuwa na betri na paneli ya sola alichaji simu za jirani kwa malipo kidogo. Watu walibipu ili mwenye salio apige, wakatumiana vocha kwa kusomeana namba za kukwangua, na kila kijiji kikajua jiwe, mti au kichuguu ambapo mtandao unashika. Morani aliyetumwa kutazama malisho aliweza sasa kurudisha jibu siku hiyohiyo, na ng'ombe wakaepushwa na safari ya bure.

Faida kubwa zaidi ilionekana katika kilimo cha biashara. Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, hulima vitunguu kwa maji ya chemchemi, na vitunguu hivyo huliwa mbali sana na Karatu. Mkulima wa zao kama hilo huumizwa na jambo moja: mnunuzi anafika shambani akiijua bei ya mjini, naye mkulima haijui. Vitunguu vimekwisha kung'olewa, haviwezi kungoja, basi bei inapangwa na mgeni. Dawa ya tatizo hili ilijaribiwa wilaya za kaskazini, zikiwemo za jirani kama Babati, kuanzia mwaka 2005. Mradi wa First Mile, uliosaidiwa na mfuko wa kilimo wa Umoja wa Mataifa, IFAD, ulifanya kazi pamoja na programu ya serikali ya masoko ya mazao. Wakulima walichagua watu wao wa kwenda sokoni kupeleleza, wakawaita mashushushu. Shushushu alizunguka sokoni kama mnunuzi wa kawaida, akauliza bei, akaangalia magari yaliyopakia, kisha akapiga simu au akatuma ujumbe mfupi kijijini, ambako bei iliandikwa ubaoni mahali pa wazi. Hakuna programu ya kompyuta iliyohitajika hapo. Simu ya kitochi ilitosha, mradi awepo mtu anayeaminika upande wa sokoni na ubao upande wa kijiji. Mbinu hii ilifanikiwa kwa sababu gharama ya mtu mmoja iligawanywa kwa wakulima wengi.

Mwezi Aprili 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Tangu hapo fedha ziliweza kufika mnadani au kijijini bila kubebwa mfukoni njia nzima, na wakala wa fedha akawa sehemu ya kila kituo cha biashara. Malipo ya simu yalizaa biashara nyingine hapohapo Arusha: Off Grid Electric, iliyoanza kazi mwaka 2012, iliwawezesha watu kulipia umeme wa sola kidogokidogo kwa simu. Shida ya kuchaji, iliyokuwa imewabana wenye simu vijijini, ikaanza kulegea.

Intaneti yenyewe ilikuwa ghali mno muda wote ilipotegemea setilaiti. Mwezi Julai 2009 mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na serikali ikajenga mkongo wa taifa uliofika mikoani. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, ukaanza kuwapa ruzuku watoa huduma wanaojenga minara mahali pasipo na faida. Halotel iliingia mwaka 2015 ikiwa na wajibu wa kufika vijijini. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 nchini kote, mingi ikiwa katika kata ambazo hakuna kampuni ambayo ingekwenda kwa hiari yake.

Katika tarafa ya Loliondo, kijiji cha Ololosokwan kilichaguliwa na UNESCO na kampuni ya Samsung kuwa kijiji cha kidijitali katikati ya miaka ya 2010. Kilipata darasa lenye kompyuta na intaneti linaloendeshwa kwa sola, kliniki yenye vifaa vya tiba ya mbali, na umeme wa jua. Ulikuwa mradi wa fedha nyingi kwa kijiji kimoja, na wilaya nzima haiwezi kufikiwa kwa mtindo huo. Redio ya jamii ya Loliondo FM, iliyosaidiwa na UNESCO hiyohiyo, ina umbo tofauti. Inahitaji mtambo mmoja tu, na mchungaji aliye porini huisikia kwa redio ndogo ya betri bila kununua kifurushi. Pale ambapo wengi hawana simu janja, redio inayopokea taarifa kwa intaneti na kuzirusha hewani huwagawia wote matunda ya muunganisho mmoja.

Hata shule zinaweza kufaidi bila muunganisho wa kudumu. Kompyuta ndogo za bei nafuu, kama Raspberry Pi iliyotoka mwaka 2012, zinaweza kubeba Wikipedia nzima na vitabu vya masomo, zikavirusha darasani kwa Wi-Fi isiyogusa intaneti kabisa. Kwa mtindo unaofanana, mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto wa vijiji karibu 170 vishikwambi vya kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu, vikichajiwa kwa sola. Washindi walitangazwa mwaka 2019.

Kwa nchi yenye vivuli vya milima, jaribio la karibu zaidi limefanyika Kondoa, mkoani Dodoma. Tanzania ilianza kuzima televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na baadhi ya masafa yake yakabaki wazi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakiongozwa na Dkt. Jabhera Matogoro, waliyatumia masafa ya televisheni yasiyokaliwa na kituo chochote kupeleka intaneti shuleni na kwa wakazi, kupitia mtandao wa jamii uitwao Kondoa Community Network. Masafa hayo ni ya chini kuliko ya Wi-Fi ya kawaida, hivyo huenda mbali zaidi na hupenya miti na vilima vidogo vizuri zaidi. Wakazi wenyewe hufunzwa kutunza mitambo, na gharama hugawanywa kwa watumiaji. Kwa vijiji vya bonde la Eyasi, ambako Wahadzabe, Wadatoga na wakulima wa vitunguu wanaishi chini ya ukuta wa milima, mfano huo unayafaa mazingira yao kuliko mnara mwingine kando ya barabara ya watalii.