Upana wa usukani wa baiskeli ya milimani: Kipimo ni mwili na njia, si mtindo

Na Mwandishi Wetu

MWENDESHAJI wa baiskeli ya milimani hugusana na baiskeli yake mahali patatu tu: miguuni, kwenye kiti na mikononi. Wengi hujali urefu wa kiti, na baadhi huchagua pedali kwa makini, lakini usukani huachwa kama ulivyotoka dukani, ingawa ndio unaoamua iwapo baiskeli itatii kwenye mteremko wenye mawe au itamponyoka mpandaji.

Kosa katika upana wa usukani halionekani siku ya kwanza. Hujitokeza baada ya safari ndefu, pale vidole vinapokufa ganzi, shingo inapokaza na mabega yanapoanza kuuma. Wapo wanaoacha kuendesha wakidhani kuwa umri umewatupa mkono, kumbe chanzo ni sentimita chache za bomba la alumini.

Makala haya yanaeleza jinsi upana huo ulivyobadilika, kazi yake, namna ya kuupima na tahadhari za kuchukua kabla ya kukata usukani.

Ulikotoka

Historia ya baiskeli ya milimani inahusishwa kwa kiasi kikubwa na vilima vya Marin, kaskazini mwa San Francisco katika jimbo la California, Marekani. Huko, mwaka 1976, vijana walianza mashindano ya kushuka njia ya vumbi iliyojulikana kwa jina la Repack, wakitumia baiskeli nzito za zamani zenye matairi mapana. Walipendelea usukani mpana, mwingine ukifanana na wa pikipiki, kwa kuwa mteremko ulihitaji mkono wenye nguvu.

Mashindano ya mwendo mrefu yaliposhika kasi miaka ya 1980 na 1990, mambo yaligeuka. Wanamichezo waliiga mkao wa baiskeli za barabarani: usukani mwembamba, mwili umeinama mbele. Mchezo huo ulipoingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, usukani wa chini ya milimita 600 ulikuwa jambo la kawaida.

Baada ya hapo mabadiliko yalirudi upande wa pili. Fremu zilirefushwa mbele, uma wa mbele ukalazwa zaidi, na usukani ukapanuka mwaka hadi mwaka. Leo baiskeli nyingi mpya za watu wazima huuzwa zikiwa na usukani wa milimita 740 hadi 800.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki historia hiyo ina maana ya pekee. Katika soko la mitumba anaweza kukuta baiskeli ya miaka ya 1990 yenye usukani wa milimita 580, na kando yake baiskeli ya juzi yenye usukani wa milimita 780. Wanunuzi wawili hutoka hapo na matatizo yaliyo kinyume.

Kazi ya upana

Usukani hufanya kazi kama wenzo. Wenye milimita 600 humpa mwendeshaji milimita 300 kila upande kutoka katikati. Wa milimita 760 humpa 380. Kwa msukumo ule ule wa mkono, nguvu ya kugeuza gurudumu huongezeka kwa zaidi ya robo. Ndiyo maana jiwe linapoligonga gurudumu la mbele, mwenye usukani mpana hutikisika kidogo na kuendelea na safari, wakati mwenzake hujikuta anapambana na baiskeli.

Hata hivyo, faida hiyo haiji bure. Ili kuligeuza gurudumu kwa pembe ile ile, mikono husafiri umbali mrefu zaidi. Kwenye kona kali, mkono wa nje huvutwa mbali hadi bega linajikunjua lote, na mwendeshaji mfupi hupoteza udhibiti pale anapouhitaji zaidi.

Usukani mwembamba kupita kiasi nao hubana viwiko kwenye mbavu, hukibana kifua wakati wa kupanda mlima na huifanya baiskeli iyumbe kwa kila mguso mdogo.

Dalili za kuangalia

Dalili za usukani mpana mno ni maumivu ya shingo na sehemu ya juu ya mgongo, vifundo vya mikono kupinda, na viwiko kunyooka kabisa. Kiwiko kilichonyooka hakiwezi kumeza mtikisiko, hivyo mshtuko wote huishia begani.

Ganzi katika kidole cha mwisho na cha pete huhitaji uangalifu zaidi. Hutokana na kubanwa kwa neva inayopita upande wa nje wa kiganja, na husababishwa na uzito mkubwa kuegemea mikononi pamoja na kifundo cha mkono kupinda. Upana wa usukani ni sababu mojawapo tu. Kiti kilichoinama mbele na usukani ulio chini sana huchangia pia. Ganzi isiyoondoka baada ya mapumziko inapaswa kuonwa na daktari.

Namna ya kupima

Usukani hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha moja ya bomba hadi nyingine, wala si kwa kufuata mkunjo wake.

Kuupata upana wa kuanzia, njia inayotumika sana ni ya pushapu. Mwendeshaji hulala kifudifudi, hufumba macho na kuweka mikono pale anapojiona ana nguvu zaidi za kujiinua. Mtu wa pili hupima umbali kati ya kingo za nje za viganja. Kipimo hicho huzingatia upana wa mabega na urefu wa mikono kwa pamoja, lakini ni mwanzo wa safari, si hukumu.

Kwa watu wazima, usukani wa milimita 720 hadi 760 hutumika sana kwa mbio za mwendo mrefu, 760 hadi 780 kwa matembezi ya njia mchanganyiko, na 780 hadi 800 kwa miteremko mikali. Watu wenye mabega membamba, wanawake kwa wanaume, mara nyingi huridhika na milimita 680 hadi 740. Mtoto asipewe usukani wa mtu mzima kwa matumaini kuwa atakua nao.

Njia nayo ina sauti yake. Katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, nchini Kenya, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya wanyamapori, njia kuu ni pana na usukani mpana hauna cha kugonga. Ndani ya msitu wa Karura jijini Nairobi, ambako baiskeli pia zinaruhusiwa, miti ipo jirani na njia, na mwendeshaji hana budi kujua ncha za usukani wake zinakoishia. Anayepita kila siku katikati ya magari mjini ana sababu kama hiyo ya kutopenda milimita 800.

Jaribu kabla ya kukata

Baadhi ya watengenezaji hutoa usukani mpana kwa makusudi, wakiuchora mistari karibu na ncha ili mnunuzi aupunguze. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na bomba likikatwa halirefuki tena.

Njia salama ni kusogeza vishikio, mikono ya breki na vibadili gia ndani kwa milimita 10 kila upande, bila kukata kitu. Vishikio vinavyobanwa kwa skrubu hurahisisha kazi hiyo. Mwendeshaji apite njia yake ya kawaida kwa siku kadhaa, kisha aamue. Akihitaji zaidi, asogeze milimita 5 nyingine. Katika jaribio hilo ncha za bomba hutokeza nje ya vishikio, hivyo zizibwe na njia nyembamba ziepukwe.

Akisharidhika, alama huwekwa sawasawa pande zote mbili: kupunguza milimita 20 ni kukata 10 kulia na 10 kushoto. Alumini hukatwa kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kisha makali huondolewa kwa tupa. Usukani wa kaboni huzungushiwa utepe mahali pa kukata, hukatwa kwa msumeno unaofaa kaboni huku ukiloweshwa, na fundi huvaa barakoa kwa sababu vumbi lake lina madhara kwa mapafu. Kiwango cha chini kilichowekwa na mtengenezaji kisivukwe.

Mwenye usukani mwembamba hana la kukata. Hulazimika kununua mwingine. Kabla ya kulipa, apime unene wa bomba pale katikati linapobanwa. Vipimo vilivyozoeleka ni milimita 25.4, 31.8 na 35, na usukani wa kipimo kimoja haukai salama katika kibano cha kipimo kingine.

Aidha, akumbuke kuwa mikono ikipanuka, mwili huvutwa mbele. Kwa hiyo mafundi wengi hupunguza urefu wa shingo ya usukani, yaani kile kipande kinachoubana juu ya uma, kwa takriban milimita 10 kwa kila milimita 20 zilizoongezwa.

Ncha zisiachwe wazi

Baada ya kukata, kila ncha lazima ifungwe kwa kifuniko chake. Bomba lililo wazi hukata nyama kama bati la kukatia maandazi. Madaktari wanalifahamu vyema jeraha la usukani kwa watoto: anguko linaloonekana dogo huweza kuumiza ini, wengu au kongosho bila alama kubwa juu ya ngozi. Mtoto aliyegongwa tumboni na usukani, akaendelea kulalamika maumivu au kutapika, apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Usukani uliopinda kwa ajali usinyooshwe bali ubadilishwe, kwa kuwa alumini iliyopinda na kurudishwa hudhoofika na huweza kukatika ghafla. Bolti zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye shingo, bila kupunguza wala kuzidisha.

Usukani unaofaa hautambuliki kwa namba iliyochapwa juu yake. Hutambulika mwisho wa mteremko, pale mwendeshaji anaposhuka kwenye baiskeli akiwa hajayakumbuka mabega yake wala vidole vyake tangu alipoanza safari.